Sura ya Tano: Motokaa ya Fahari na Wenyewe

Katika jiji la Dar es Salaam, kando ya bustani ya mimea na katika barabara iliyopewa jina la Shaaban Robert, imesimama nyumba ambayo serikali ya Kiingereza iliifungua mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, na ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa. Mgeni aingiaye humo aghalabu huvutwa na habari za fuvu la kale lililofukuliwa Olduvai, na masalio ya Kilwa, na silaha za zama za Wadachi, na ni haki yake kuvutwa. Lakini miongoni mwa amana za nyumba ile zimo pia motokaa kuukuu, na mbili kati ya hizo, zote zilizoundwa Uingereza, ndizo zilizonishawishi kuandika sura hii. Moja ni Rolls-Royce, iliyotumikia kwanza serikali ya mkoloni na kisha ikamtumikia Mwalimu Julius Nyerere. Ya pili ni Austin A40, motokaa ndogo ya watu wa kawaida, aliyoitumia Mwalimu huyo huyo katika siku za kuutafuta uhuru, kabla hajawa na cheo wala mshahara wa serikali.

Ada ya waandishi wa motokaa za kale ni kueleza nasaba ya chombo kwa kuwataja wenyewe: kwamba kilinunuliwa na mwana wa mfalme fulani, kikauzwa kwa tajiri wa meli, kikapita kwa mchezaji wa sinema, na mwisho kikaangukia mikononi mwa mkusanyaji wa tunu aliyeking'arisha na kukipeleka mnadani. Ni ada njema, kwa kuwa chuma peke yake hakina habari ya kusimulia, na anayetaka kuijua motokaa hana budi kuwajua waliokaa ndani yake. Walakini ada hiyo ina upungufu mkubwa kwa nchi kama yetu, kwa sababu humhesabu kuwa mwenyewe yule aliyeketi kiti cha nyuma, au yule ambaye jina lake limo katika hati, na humsahau kabisa aliyelipa. Katika kurasa hizi nitawataja walioketi. Lakini rai yangu, ambayo nitaitolea hoja, ni kwamba mwenyewe wa motokaa ile ya fahari hakuwa Dar es Salaam, bali alikuwa shambani, na mahali pamoja pa kumtafuta ni katika mkoa wa Mara, baina ya Musoma, Butiama na Bunda.

Tuanze na chombo. Watu wawili walioipa motokaa hiyo jina hawakufanana kwa lolote isipokuwa mapenzi yao kwa injini. Henry Royce alikuwa mwana wa msaga unga aliyefilisika, akauza magazeti utotoni ili apate riziki, akajifunza ufundi kwa taabu, na alipokuwa mtu mzima akawa hawezi kuona kitu kibovu kikimpita mkononi bila kukitengeneza upya. Charles Rolls alikuwa mwana wa kabaila, msomi wa Cambridge, mpenda mbio na mpenda maputo ya hewani. Walikutana mjini Manchester mwezi wa Mei mwaka 1904, na mwaka 1906 kampuni yao ikasimama rasmi. Mwaka uliofuata motokaa yao moja, iliyopewa jina la Silver Ghost, iliendeshwa maili 14,371 katika majaribio ya kuonyesha uimara wake, na tangu hapo sifa ikaenea duniani kwamba hakuna chombo cha barabarani kiendacho kimya na salama kuliko hicho. Rolls mwenyewe hakuonja matunda ya sifa hiyo kwa muda mrefu: Julai 1910 ndege yake ilivunjika hewani huko Bournemouth, akafa akiwa na umri wa miaka 32. Royce akaendelea kuunda injini, za motokaa na za ndege, mpaka mauti yakamkuta mwaka 1933.

Asimamaye mbele ya Rolls-Royce yoyote ya enzi ile na aitazame kwa makini rejeta yake, maana wajihi wote wa motokaa umo pale. Imejengwa kwa mfano wa nguzo za hekalu la Wayunani wa kale, nguzo nyembamba zilizosimama wima chini ya paa la pembe. Na jicho linalodhani kwamba mistari ile imenyooka limedanganywa kwa makusudi, kwa sababu mafundi waliipa tumbo dogo lisiloonekana, kama walivyofanya wajenzi wa Athens, ili kutoka mbali ionekane imenyooka kuliko ambavyo ingeonekana kama ingenyooka kweli. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono na kupimwa kwa macho. Juu yake huwekwa sanamu ndogo ya mwanamke aliyeinama mbele, mavazi yakimpeperuka mgongoni, iliyobuniwa na Charles Sykes mwaka 1911. Ndani kuna mbao za mjozi zilizopigwa msasa na kupakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, na ngozi laini iliyoshonwa kwa subira. Nayasema haya kwa taadhima, kwa kuwa ufundi mzuri ni ufundi mzuri, uwe wa Zanzibar katika mlango wa msaji au wa Derby katika motokaa, na mtu asiyeheshimu kazi ya mkono wa mwenziwe hataiheshimu na ya mkono wake.

Kampuni hiyo ilipata pia, mwaka 1931, milki ya Bentley, motokaa za mbio zilizokuwa zimeshinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa mwaka 1924, na kisha miaka minne mfululizo, 1927 hadi 1930, lakini zikashindwa na hesabu za fedha wakati uchumi wa dunia ulipoanguka. Hivyo nyumba moja ikawa inauza mwendo na utukufu kwa pamoja. Na utukufu ulikuwa na daraja zake: Rolls-Royce ya namna ya Phantom IV, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1950, ziliundwa 18 tu, nazo zikauzwa kwa wafalme na wakuu wa dola. Kwa hiyo gavana, mfalme au rais aliyekaa katika Rolls-Royce hakuwa amepanda chombo cha kumfikisha mahali tu. Alikuwa amepanda hoja, nayo hoja ilisema kwamba aliye ndani si sawa na aliye nje.

Barabara zetu, hata hivyo, hazikuikubali hoja hiyo kwa urahisi. Mwaka 1953 yalipoanzishwa mashindano ya motokaa ya Afrika Mashariki kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilidhihirika mapema kwamba anasa ya Ulaya na udongo wa Afrika ni mambo mawili mbalimbali. Walioshinda katika miaka iliyofuata walikuja na Volkswagen, na Ford, na Mercedes, na Peugeot. Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alishinda mwaka 1965 akiwa na nduguye katika Volvo iliyokwisha tumika. Na mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, katika Peugeot 404. Motokaa za Kiingereza za fahari, Rolls-Royce na Bentley na Jaguar, hazimo kabisa katika orodha ya washindi. Anayezijua njia za kanda ya ziwa hatastaajabu. Ukishatoka Bunda kwenda kusini, majabali ya Balili yakiwa nyuma yako, unaingia katika uwanda wa udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na wakati wa masika hugeuka ulimbo unaonasa tairi hadi kwenye ekseli; na humo mito ya Rubana, Grumeti na Mbalageti hushuka kutoka Serengeti kuelekea ghuba ya ziwa. Motokaa yenye tumbo la kugusa ardhi haina shughuli mahali pale.

Hivyo Rolls-Royce ya serikali ilikuwa chombo cha lami ya Dar es Salaam. Zama zile mji mkuu ulikuwa na magavana wawili ambao kila mzee wa TANU aliwakumbuka, mmoja kwa uchungu na mmoja kwa afadhali. Sir Edward Twining, aliyetawala tangu mwaka 1949 hadi 1958, alipenda mavazi ya enzi, kofia yenye manyoya na gwaride, na hakukiamini chama hicho cha kutafuta uhuru, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa wa Lumumba wa leo. Sir Richard Turnbull, aliyemfuata, alikuja kutoka Kenya na sifa ya ukali, lakini aliyasoma majira kwa haraka zaidi. Motokaa ya gavana ikipita na bendera yake ndogo mbele, askari walipiga saluti, na raia walisimama kando. Kodi ya kichwa ndiyo iliyolipia petroli.

Upande wa pili wa mji ule ule ilikuwako Austin. Herbert Austin, aliyeanzisha kiwanda chake Longbridge karibu na Birmingham mwaka 1905, alikusudia zaidi kuwapatia motokaa watu wa kati kuliko makabaila, na A40 zilizoanza kutoka mwaka 1947 zilikuwa na injini ya silinda nne, ya sentimita za ujazo 1,200, yenye nguvu za farasi 40 ambazo ndizo zilizoipa jina. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na deni kubwa, ikahitaji fedha za kigeni kuliko ilivyohitaji motokaa, kwa hiyo motokaa hizo zilipakiwa melini kwa maelfu na kusambazwa ulimwenguni, zikaangukia mikononi mwa walimu, makarani, wachuuzi na mapadri. Hazikuwa na fahari ya kumfanya mtu asimame kando. Zilikuwa na sifa moja tu, nayo ni kwamba karani mwenye akiba aliweza kuinunua iliyokwisha tumika, na fundi wa uchochoroni aliweza kuifufua.

Kabla ya Austin palikuwa na miguu. Nyerere alipokuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, safari ya kutoka Pugu kuja mikutanoni Kariakoo ilikuwa udhia wa kila mara, na masimulizi ya wazee wa TANU humtaja Dossa Aziz, mmoja wa waasisi wa chama, kuwa ndiye aliyekitolea chama gari kwa hiari yake. Mwaka 1955, baada ya kwenda Umoja wa Mataifa huko New York kuisemea Tanganyika, Nyerere aliacha kazi ya ualimu, akarudi kwao Butiama, na kwa muda akafanya kazi ya kutafsiri na kufundisha Kizanaki kwa mapadri wa Maryknoll wa Musoma. Ni vema tuutulize moyo hapa kidogo na kuifikiri hali ile. Mtu aliyesoma Makerere na Edinburgh, aliyekwisha simama mbele ya baraza la dunia, alikuwa hana kazi, ana mke na mtoto, na yuko katika kijiji cha majabali na mawele, maili nyingi kutoka mji wenye chama chake. Na gavana alikuwa na Ikulu, na jeshi, na magazeti, na motokaa. Hakuna mpima mizani ambaye siku ile angesema kwamba baada ya miaka sita na ushei yule wa Butiama ndiye atakayekuwa waziri mkuu wa nchi huru.

Na Musoma haikuwa mbali na ugomvi huo. Mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU yaliyowalaumu wakuu wa wilaya, mmoja wao akiwa wa Musoma, wilaya ya nyumbani kwake mwenyewe. Aliteta kesi kwa msaada wa wakili D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, akahukumiwa kulipa faini ya pauni 150 au kufungwa miezi sita, na wafuasi walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, faini ikalipwa. Wakati huo Turnbull alikuwa amekwisha wasili. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika uwanja wa Dar es Salaam, bendera ya Kiingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Mwaka mmoja baadaye nchi ikawa jamhuri, Turnbull akaondoka, na Nyerere akaingia Ikulu kama rais. Rolls-Royce ikabaki.

Lipo fundisho gumu katika kubaki kule. Serikali mpya haikuagiza vyombo vipya vya enzi. Ilirithi nyumba, ikarithi viti, ikarithi motokaa, na mtu aliyekuwa mshitakiwa akaketi mahali alipoketi mkuu wa waliomshitaki. Wapo waliofurahi kwa hilo, na furaha yao ilikuwa halali: Mwafrika mwenziwao, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki na wa mama Mgaya, alipita mbele yao katika chombo ambacho jana kilibeba mkoloni, na wakaona kwamba heshima imerudi nyumbani. Nami siwezi kuilaumu furaha hiyo. Lakini Nyerere mwenyewe, ikiwa matendo ni shahidi, hakuistarehea. Wiki sita tu baada ya uhuru, Januari 1962, aliuacha uwaziri mkuu, akampa Rashidi Kawawa madaraka, akaenda vijijini kukijenga chama na kuzungumza na watu. Aliporudi madarakani mwaka ule ukiisha, alikuta miongoni mwa viongozi wamekwisha patikana wale walioitwa kwa kebehi Wabenzi, waliokwisha kuona kwamba uhuru umekuja ili wao wabadilishane viti na Wazungu. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kudai maslahi yao, alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kisha likaja Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Watu wengi hulikumbuka kwa miiko ya uongozi na kwa mabenki kutaifishwa, na huisahau sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini chake. Humo imo hoja juu ya motokaa. Barabara za lami, lasema Azimio, nyingi zimo mijini na faida yake kubwa ni kwa wenye motokaa. Lakini zikiwa zimejengwa kwa mkopo, atakayelipa mkopo huo ni mkulima, kwa mazao anayouza ng'ambo. Na zaidi ya hayo, fedha za kigeni zilizonunulia hiyo motokaa nazo zilitokana na mazao ya mkulima. Sijapata kusoma maneno yaliyoeleza umiliki wa chombo kwa uwazi kuliko hayo. Yeye aliyeketi kiti cha nyuma ni mpangaji. Mwenye nyumba yuko shambani na jembe lake.

Basi tumwendee mwenye nyumba huyo. Katika Bunda na Musoma ya miaka ile zao lililoleta fedha lilikuwa pamba. Mkulima alipanda mvua zilipotulia, akapalilia mara mbili au tatu na watoto wake, na ilipofika kiangazi, vitumba vikapasuka, akavuna kwa mkono, tumba moja baada ya jingine. Kazi haikuishia hapo: jioni familia ilikaa kitako kuchambua, pamba nyeupe isiyo na taka ikawekwa kando kuwa safi, na iliyobadilika rangi au kuliwa na wadudu ikatengwa kuwa fifi, kwa sababu bei zake hazikulingana na aliyechanganya alipata hasara ya zote mbili. Kisha ikabebwa kwa kichwa, kwa baiskeli au kwa mkokoteni hadi gulioni, ikapimwa katika mizani, ikapelekwa kwenye kinu kuondolewa mbegu na kushindiliwa katika robota, na kutoka Mwanza ikasafiri kwa reli hadi bandarini. Miaka mingi mkulima aliishuku mizani ya wachuuzi, na shuku hiyo ndiyo iliyozaa vyama vya ushirika. Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, aliwakusanya wakulima wa pamba wa kanda yote, na muungano wa vyama vyao ulioundwa mwaka 1955, ukiwa na makao yake Mwanza, ukawa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika katika Afrika nzima. Naam, robota zile ndizo zilizogeuka pauni, na pauni ndizo zilizogeuka rejeta ya nguzo za Kiyunani na viti vya ngozi laini. Mkulima wa Bunda alinunua Rolls-Royce asiyopata kuiona.

Je, Nyerere aliyajua haya kwa kuyasoma tu? Yeye alikuwa mtu wa kule kule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, maili 26 kutoka kwao Butiama, na njia hiyo iliendwa kwa miguu. Musoma ilikuwa boma na bandari, mahali ambapo meli za ziwani kutoka Kisumu zilishusha bidhaa zilizokuja kwa reli tangu Mombasa, na ambapo dhahabu ya Buhemba na Kiabakari iliwapitisha Wazungu wa migodi na malori yao. Mtoto wa Kizanaki atokaye kwenye majabali kwenda shule alipishana njiani na vyombo vya watu hao, naye akiwa mavumbini. Mtu aliyeanza hivyo anaijua barabara kwa nyayo zake.

Kwa hiyo tendo lake la Oktoba 1967 halikuwa sarakasi ya kisiasa, ingawa wapo waliodhani hivyo. Mwaka ule vijana katika sehemu nyingi za nchi walifanya matembezi ya kuliunga mkono Azimio, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki akiwa safarini, nchi nzima ikamlilia. Mkutano mkuu wa TANU ulikuwa ufanyike Mwanza. Rais wa Jamhuri, mwenye umri wa miaka 45, mwenye Ikulu na motokaa na ndege, aliondoka Butiama kwa miguu kwenda mkutanoni, masafa yanayozidi maili 130, na njia hiyo ni ile ile ya Bunda, ile ya udongo mweusi, ile ya Rubana na Grumeti na Mbalageti, na mbele yake Simiyu kabla ya kuingia Mwanza.

Oktoba ni mwezi wa mwisho wa kiangazi katika uwanda ule. Jua hupanda mapema, na vivuli ni haba. Upande wa kushoto wa mwendaji kusini huwa Serengeti, upande wa kulia maji ya ghuba huonekana na kupotea nyuma ya mabanda na migomba michache. Mashamba ya pamba huwa yamekwisha vunwa, na miti yake mikavu hung'olewa na kuchomwa moto kwa amri ya kilimo, ili wadudu wasibaki mpaka msimu mwingine. Katika mashamba hayo aliwapita wale wale ambao Azimio lilisema ndio walioilipia lami na motokaa. Kiongozi aendaye kwa motokaa huuona umati. Aendaye kwa miguu humwona mtu mmoja mmoja, kwa kuwa mwendo wake ni mwendo wa mwenziwe na hawezi kumwacha kabla ya salamu kwisha. Katika utawala wake wote, naona hakuna tendo lililolingana na neno lake kwa usahihi kuliko matembezi yale, na kama ningelazimika kutaja siku ambazo serikali ya nchi hii ilikuwa karibu kabisa na mwenyewe wake, ningezitaja hizo.

Sisemi kwamba yaliyofuata yote yalikuwa mema. Vijiji vilivyohimizwa kwa hiari vilikuja baadaye kusukumwa kwa nguvu, na mwaka 1976 serikali iliyomsifu mkulima ikavivunja vyama vyake vya ushirika, pamoja na ule muungano wa pamba uliojengwa kwa jasho la watu wa kanda ya ziwa. Hilo lilikuwa kosa, na Nyerere mwenyewe alikuja kulikiri. Mpenzi wa Mwalimu hana sababu ya kulificha, maana aliyelikosea deni la mkulima na aliyelieleza deni hilo vizuri kuliko wote alikuwa mtu mmoja.

Alipotoka madarakani mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, kijijini kwao, tarehe 23 ya mwezi ule, na mwaka huo huo makumbusho yenye jina lake yalikuwa yamekwisha funguliwa pale pale. Hivyo leo historia yake imegawanyika katika nyumba mbili: ya Dar es Salaam inahifadhi motokaa zake, na ya Butiama inahifadhi zawadi, mavazi na mambo ya maisha yake. Njia iliyoko baina ya Butiama na Mwanza haina nyumba wala mlinzi.

Nawaomba basi wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa waongeze, pembeni ya Rolls-Royce ile, maelezo ya pamba ya Bunda na Musoma, na ya kahawa na mkonge wa mikoa mingine, ili mtoto wa shule aitazamapo ajue ilinunuliwa kwa jasho la nani. Na nawaomba zaidi walimu na vijana wa Mara. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1967 leo amepita 70. Wapo bado, katika Butiama, Kiabakari na Bunda, wazee waliosimama kando ya njia siku rais alipopita kwa miguu, na wapo waliotembea naye. Nendeni mkawaulize walimwona wapi, aliwaambia nini, alilala kwa nani, nao walikuwa wakilima nini mwaka ule na wakiuza kwa bei gani. Andikeni majina yao na ya vijiji vyao, kwa kalamu, katika daftari, na nakala moja ipelekeni Butiama.